Mtumiaji wa Mwisho

Kazi yangu ni kukagua kemikali, na nikiri mapema kwamba ni mwepesi wa kushuku. Asetoni hutoa rangi kuukuu kwenye mbao, lakini wapikaji wa dawa za kulevya nao wanaitafuta kwa udi na uvumba. Ndiyo maana tangu mwaka huu anayetaka kuweka dumu la asetoni lazima aniombe kibali. Fomu niliitunga mwenyewe, na niliionea fahari.

Jumatatu ikaletwa fomu ya mama mmoja fundi fanicha. Kwenye "Mtumiaji wa mwisho" alikuwa ameandika: Marehemu mume wangu. Kwenye "Matumizi ya mwisho": Kitanda.

Nywele zilinisimama. Mtu katumia kemikali, kafa, na kitanda kimo. Nikamwita dereva, nikabeba lakiri ya kufungia dumu na hati ya kuchukua mali, tukaondoka mbio. Kabla hatujafika nilikuwa nimeshamfunga yule mama miaka saba.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Brashi zilikuwa zimekauka, na dumu chini ya meza lilikuwa na vumbi la mwaka mzima. Mwenyewe alikuwa amevaa aproni mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Alipoiona lakiri mkononi mwangu alikaa chini. Akasema viti vitatu vilivyokuwa pembeni ni vya zahanati, kazi yake ya kwanza tangu afiwe. Dumu likiondoka, viti vinarudi zahanati bila kutengenezwa na yeye anafunga mlango moja kwa moja.

Sikulegea. Nikamuuliza kama kuna watu wanaomjia kwa ajili ya unga. Akanijibu kwa upole kwamba kinu kiko kona ya pili, ila Jumatatu hakisagi. Dereva akapatwa na kikohozi, akatoka nje.

Nikauliza mumewe alikufaje. Presha, mwaka jana. Na kitanda je? Akanionyesha dirishani kitanda cha mbao safi, kinang'aa. Zamani kilikuwa na rangi ya kijani aliyoichukia, mumewe akamtolea yote kwa asetoni, akakipaka vanishi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa dumu.

"Umeuliza nani ametumia mwisho," akasema. "Ni yeye. Ningemwandika nani mwingine?"

Nikaisoma fomu yangu upya. Nilitaka kujua kemikali inaishia mikononi mwa nani, nami nilikuwa nimeuliza habari za marehemu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimezama hadi shingoni. Aibu ilinipanda, kisha kicheko kikanishinda. Mama akanitazama, naye akaanza kucheka, tukacheka mpaka akapangusa macho kwa aproni yake. Nilimpenda mama yule, na sioni haya kusema.

Nikatoa kalamu. Nikamwuliza, sasa mtumiaji wa mwisho nimwandike nani?

Alikuwa ameshainama kuvuta dumu.

"Mwisho wa nini, mwanangu? Mimi ndiyo kwanza naanza."

Nikalifuta neno "mwisho", nikaandika jina lake, nikagonga muhuri palepale juu ya kiti cha zahanati. Kiti kilikuwa na miguu mitatu, ikabidi dereva akishikilie.