Taji Chini ya Sahani

Maji ya bomba yalikuwa ya barafu, na ngozi ya vidole vya Beryl Machin ilikuwa imepasuka. Siku kadhaa sasa alikuwa akikwangua migongo ya sahani kwa jiwe mpaka neno "India" lipotee, kisha akibandika pale pale taji na maneno "Imetengenezwa Uingereza". Sahani mia sita. Ziliingia kwa makontena, kwa sababu tanuri kubwa la kiwanda lilikuwa limezimwa tangu Krismasi.

"Bwana Copestake, huu si uongo?" alimuuliza meneja siku ya kwanza.

"Uongo wa nini? Taji si letu?" Copestake alicheka peke yake. "London wanataka sahani za mji wetu wa Burslem kwenye karamu ya wageni. Na kuna tajiri wa Kihindi anakuja; akipendezwa, ananunua kiwanda. Asipopendezwa, nafunga. Chagua, mama. Si una mgonjwa nyumbani?"

Alikuwa naye. Cyril, mumewe, alikula vumbi la kiwanda hicho miaka arobaini, na sasa hata kupanda ngazi hawezi. Beryl akashika jiwe. Alimchukia Copestake, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Alhamisi mgeni akaja. Bwana Kansagra, yule tajiri, alikuwa mtu mfupi, mpole, na ukoo wake ulikuwa na viwanda vya vyombo kwao India. Nyuma yake alikuja ofisa kutoka London, viatu vinang'aa, akahutubia robo saa nzima kuhusu taifa lililoifundisha dunia kula mezani. Wafanyakazi walipiga makofi ya baridi. Kisha Copestake akamkabidhi mgeni sahani.

Watu wa Burslem, hata harusini, hawagusi chakula kabla ya kupindua sahani kuona imetoka wapi. Mgeni akaipindua vilevile. Huyu alikuwa mtu wa kazi hii hii.

Kansagra akapitisha kidole gumba juu ya taji.

"Hapa pamekwanguliwa," akasema. "Na ukingo huu naujua. Kalibu iliyoufinyanga aliichonga baba yangu."

Akaigeuza sahani tena.

"Babu yangu alifungia sahani zenu kabatini, akaziona za thamani mno kutumiwa mezani. Leo mnabandika taji kwenye zangu?"

Copestake hakusita hata kidogo. Alinyoosha kidole. "Ni huyu mama. Kafanya bila idhini yangu."

"Mimi?" Sauti ya Beryl ilipanda. "Mataji mia sita niliyachapa jikoni kwangu? Miaka thelathini na nane nipo hapa! Waambie nani alinipa jiwe! Waambie, mwoga wee!"

"Kachukue koti lako, mama. Usirudi."

Beryl akamtazama ofisa. Ofisa akatazama viatu vyake. Beryl akamgeukia Kansagra, maana angalau huyo alijua ukweli.

"Sasa tunaweza kuzungumza bei, nayo itakuwa ndogo," Kansagra akamwambia Copestake.

"Na sahani za karamu?" ofisa akauliza taratibu.

"Zipelekeni. Muhuri umekaa vizuri."

Beryl alitoka na koti lake, na mfukoni sahani moja kati ya zile mia sita. Jumanne Copestake alikuwa amempa kila mfanyakazi moja, zawadi ya kumbukumbu.

Nyumbani alikuta vyombo vyote vichafu, basi akaweka chapati ya shayiri na jibini kwenye sahani hiyo hiyo. Hakumwambia Cyril kitu. Mzee aliinyanyua kidogo, akapapasa chini yake kwa kidole gumba.

"Mbona panakwaruza?"

"Vidole vyako vimekufa ganzi, baba. Kula."

"Taji lipo?"

Beryl akakata chapati vipande vidogo, kimoja kimoja, bila kuinua macho.

"Lipo."

"Ya kwetu hii?"

"Ya kwetu."

"Basi bado tupo," Cyril akasema, akaanza kukohoa, na vipande vya chapati vikaruka mezani.