Dume Aliyevuka Kipupwe

Moto uliula mlima, na paka waliotoroka majumbani wakawamaliza wanyama waliosalia. Mnyama ambaye ukoo wa mama yake Verna humhesabu ndugu, panya-mbeleko, mdogo kama panya ila jike wake hubeba watoto kwenye mkunjo wa ngozi tumboni, wakabaki wawili tu: jike na dume, kila mmoja kizimbani mwake kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ya Verna. Mitego ya mlimani ilikuwa inarudi mitupu. Kama kulikuwa na wengine duniani, hakuna aliyewaona.

Na kipupwe kilikuwa kinaingia. Watu wa huko hawahitaji kuambiwa maana yake. Ndio msimu wa hao wanyama kupandana, na madume hupandana kiwazimu, hawali, hawalali, manyoya yanawanyonyoka, na msimu ukiisha hasalii dume hata mmoja. Utotoni Verna alikuwa akifagia mizoga yao ngazini. Majike ndio hubaki, na mimba zao.

"Waweke pamoja leo," alisema mjomba wake, mzee Clarrie, akichovya mkate uliookwa majivuni kwenye chai.

"Mwangalie huyu jike, mjomba. Nyayo zimeungua, mbavu nje nje. Akishika mimba sasa atakufa nayo, na dume atakufa vilevile. Tutabaki na nini, vizimba?"

"Na usipowaweka?"

"Kinachomuua dume ni huko kupandana. Nikimtenga hafi. Jike apone, anenepe, mwakani nawakutanisha. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama yako angekuwepo angekwambia, dume wa hawa hakuumbiwa mwaka wa pili."

"Mama aliwahi kumtenga hata mmoja akaona?"

Mzee akanywa chai yake. Mama hakuwahi, na wote wawili walijua.

Basi Verna akamtenga. Dume akahangaika, akatafuna waya, akatoka upara mgongoni, na Verna akawa anamlisha panzi kwa kibano, roho mkononi. Msimu ukapita, dume yu hai. Nakwambia Verna alilia kama mtu aliyejaliwa mtoto. Manyoya yakaota upya. Clarrie kila akija lazima achungulie: "Bwana harusi hajambo? Unamnenepesha kama kuku wa Krismasi." Lakini naye alikuwa akimletea mende kwenye kopo la tumbaku, na siku moja, akitazama pembeni, alikiri kwamba mpwa wake amemzidi akili.

Kipupwe kikarudi. Nyayo za jike zilikuwa zimepona. Verna akafungua mlango kati ya vizimba, na dume akaenda bila kusukumwa, akamshika jike kama inavyopasa. Clarrie akageuza uso kwa heshima.

Wiki zikapita. Verna akampindua jike, akakuta mkunjo mkavu, hamna mtoto. Akangoja, akampindua tena. Mkavu.

Ndipo akampeleka dume mjini kwa daktari wa mifugo. Daktari alitazama tone la mkojo kwenye hadubini, akatazama na la pili, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Ni mzima kabisa," alisema. "Ila hana mbegu. Hawa huzitengeneza zote kabla ya kipupwe chao cha kwanza, kisha mwili unafunga kazi. Akiba hiyo hutoka hata kwa mkojo. Mwaka jana alikuwa nazo."

"Hazirudi?"

"Hazirudi, dada."

Kumbe zote ziliishia kwenye maranda ya kizimba, na Verna ndiye aliyekuwa akiyabadilisha.

Clarrie alikuwa amekaa ngazini akimsubiri. Verna akamweleza yote.

"Haya, sema ulinionya."

"Nilikuwa nabahatisha tu, mwanangu." Mzee alikuwa ameshika kopo lake la tumbaku. "Halafu nikakuamini. Bora nisingekuamini."

Jike alikufa kwa uzee kabla joto halijaanza, maana majike nao umri wao ni miaka miwili mitatu tu. Walimzika mlimani, chini ya mkaratusi uliobaki gogo jeusi, na Clarrie hakuweza kuimaliza dua ya ukoo.

Dume yupo hadi leo. Jioni huja kwenye waya, mnene, manyoya yanang'aa, anadai panzi wake. Verna anamchukia kuliko paka wote wa mlimani. Anachukua kibano, anamlisha.