Furu, Ningu na Wenzao

Pale Ukingo Vitabu, kampuni yetu ndogo ya uchapishaji jijini Mwanza, kitabu kilichotulisha kilikuwa cha magonjwa ya mbuzi. Kiliandikwa na daktari wa mifugo mstaafu wa Misungwi, kurasa tisini zenye picha za kwato zilizooza na macho yanayotoka usaha, na wafugaji walikinunua kuliko kalenda. Kwa mgongo wa mbuzi hao tulichapa vingine: nyimbo za mazishi, hadithi za watoto kutoka Ukerewe, mwongozo wa mjamzito, vitendawili vya Kihaya, na mashairi ya mwalimu mmoja wa Buzuruga ambayo kwa miaka minne yalinunuliwa na watu kumi na mmoja, wengi wao ndugu zake. Bosi wangu, Jovinary, alipenda kuwaambia wageni kwamba mtu anaweza kuzaliwa, kuoa, kufuga na kuzikwa bila kutoka kwenye rafu yetu. Mimi nilikuwa mhariri, mpiga chapa, na umeme ukikatika, mpika chai. Niliipenda ile rafu. Nilijua kila kitabu kimetoka mikononi mwa nani.

Cha samaki kilitoka mikononi mwa Elias Mihayo. Alikuwa afisa uvuvi kwa miaka thelathini na moja, akafariki kabla sijamjua. Mjane wake, Mama Shigela, ndiye aliyetuletea maandishi yake kutoka Kisesa: kaunta buku nne zilizofungwa kwa kitambaa, zote zimejaa samaki. Kila samaki alichorwa kwa kalamu ya wino, akapewa majina yake kwa Kisukuma, Kikerewe na Kijita, na chini yake mzee akaandika mahali alipomwona na mwaka. Kwa wengine mwaka ule ulikuwa wa mwisho kuonekana.

Nilizipiga chapa kwa miezi minane. Nikishindwa mwandiko, nilimpigia Mama Shigela, naye alinisomea kwa kukumbuka. Sura niliyoipenda ilikuwa ya furu, wale samaki wadogo ambao sangara aliwamaliza. Mzee aliandika kwamba mwaka waliooana, mkewe aliwaanika juu ya bati, akawaunga kwa karanga, nyumba nzima ikanukia. Kisha akamalizia: "Kija ananiuliza tutakula nini wakiisha. Sina jibu." Kija ndilo jina la Mama Shigela. Niliposoma mstari ule mara ya kwanza niliacha kupiga chapa, nikaenda kusimama dirishani.

Nilimkabidhi Jovinary kazi iliyokamilika, nikaenda likizo ya uzazi. Niliporudi aliniambia kitabu kiko kwa mchapaji Dar es Salaam na kitazinduliwa kwenye maonyesho yetu ya miaka kumi. Nikampigia Mama Shigela siku hiyohiyo. Alipiga kigelegele kwenye simu mpaka mwanangu akaamka.

Maboksi yalifika na basi asubuhi ya maonyesho. Tulikuwa tumekodi ukumbi Kirumba. Nilikuwa nimeshapanga vitabu vyote mezani, kila kimoja na kadi yenye jina la mwandishi, na nafasi ya katikati nimeiacha wazi. Nikakata gundi ya boksi, nikanusa ule wino mpya ambao siku zote huwa naufurahia.

Kwenye jalada kulikuwa na mwanaume amevaa tai, ameshika sangara mkubwa kwa mikono miwili. Juu yake: *Furu, Ningu na Wenzao*. Chini yake: Renatus Shimba.

Kila mtu Mwanza anamjua Shimba, au anajua vituo vyake vya mafuta. Ilisemwa pia kwamba anautaka ubunge. Nilifungua ndani, nikidhani labda ndiye mdhamini, labda wamekosea jalada tu. Jina la Elias Mihayo halikuwemo kwenye ukurasa wowote. Nikaitafuta sura ya furu. Bati lilikuwepo. Karanga zilikuwepo. "Hellen ananiuliza tutakula nini wakiisha. Sina jibu."

 Mtu alikaa chini, akapita kila mstari, akamtoa mke wa mtu na kumpachika wake. Na mstari wenyewe hakuugusa, kwa sababu ulimpendeza.

Jovinary alikuwa jikoni kwa wapishi, anaonja sambusa.

"Kaka Jovin, hiki ni nini?"

Alikitazama kitabu, akalamba mafuta kwenye vidole. "Kimetoka vizuri, eti? Karatasi nzito."

"Mzee Mihayo yuko wapi?"

"Modesta, nilikuwa nasubiri utulie na mtoto ndipo nikueleze." Akashusha sauti. "Kile kitabu kingekaa kwenye droo mpaka mchwa wakile. Nani anamjua Mihayo? Shimba amelipia uchapaji, amelipia ukumbi huu, na mwakani atalipia vingine. Mashairi ya mwalimu wako yatapata toleo la pili. Samaki ni walewale. Hakuna samaki aliyeibwa."

"Na mke? Naye ni yuleyule?"

Alicheka kidogo, kama nimemtania. Kisha akanishika bega na vidole vile vyenye mafuta. "Mjane wake tutamwona. Hawezi kulalamika, yuko kijijini."

"Nimemwalika. Yuko njiani."

Hapo ndipo aliacha kutafuna.

Nilimpigia Mama Shigela mara nne, simu haikupokelewa. Saa nne akatokea mlangoni, gauni la kitenge jipya, kilemba kimefungwa vizuri, mkononi chupa ya maziwa mgando aliyotuletea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kiko wapi?"

Nilimtoa nje, kwenye kivuli cha ukuta, nikamwambia. Nilisema haraka ili yaishe: kitabu kimetoka, ila si kwa jina la mzee, kuna tajiri amekichukua, na mimi sikujua. Nilipofika kwenye "sikujua" nilijisikia kinyaa mwenyewe. Maana mimi ndiye niliyeziondoa zile kaunta buku kutoka kwenye kitambaa chake. Mimi ndiye niliyezigeuza kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukibeba mfukoni.

 Alinyoosha mkono, nikampa nakala. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasoma taratibu, kidole kwenye mstari. Alipofika ukurasa wa furu akainua uso.

"Hellen ni nani?"

Tukaingia ukumbini, nikamwonyesha mwanamke wa safu ya mbele, mke wa Shimba. Mama Shigela akamwendea, nami nikamfuata. Hellen, ambaye alikuwa mdogo kwake, aliinuka kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Samahani mwanangu, furu unawaunga na nini?"

"Furu?" Hellen akacheka. "Mimi sili furu mama, wana miba mno."

Mama Shigela akampa kitabu kikiwa wazi. "Soma hapo. Mimi naitwa Kija. Maneno hayo yalikuwa yangu."

Hellen alisoma. Nadhani hakuwahi kukifungua. Alisoma tena, kisha akageuka kumtafuta mumewe, lakini Shimba alikuwa tayari anakuja, mikono ameitanua, Jovinary nyuma yake na mpiga picha nyuma ya Jovinary.

"Mama yangu! Mjane wa mwalimu wangu!" Akamkumbatia begani, akaugeuza uso kwenye kamera. "Piga hapa, piga hapa. Hii iende kwenye magrupu yote."

"Lini alikufundisha?" Mama Shigela aliuliza.

"Mama, mambo ya zamani hayo. Cha muhimu kazi ya mzee imeokoka."

"Niondolee mkono."

Shimba aliendelea kutabasamu kwa ajili ya kamera. Basi Mama Shigela akautoa mwenyewe, kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kiwavi kwenye nguo, akaenda kukaa karibu na ukuta. Nilimwambia twende, nitamsindikiza. Akakataa. "Nimekuja kusikia kitabu cha mume wangu. Nitasikia."

Na tukasikia. Shimba alipanda jukwaani akasoma sura ya furu, akiyakosea majina ya samaki. Alipofika mwisho alimnyooshea mkewe mkono: "Hellen ananiuliza tutakula nini wakiisha." Ukumbi ukasema "ooh". Walimu walipiga makofi, hata yule mshairi wa Buzuruga. Hellen aliinuka, akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti bila kumtazama mtu, akatoka.

Mimi nilikuwa mshereheshaji. Zamu yangu ilipofika nilishika kipaza sauti. Nikasema: "Kitabu hiki kimeandikwa na marehemu Elias Mihayo, afisa uvuvi. Mimi ndiye niliyekipiga chapa kutoka kwenye mwandiko wake. Mke wake amekaa pale." Watu waligeuka. Mmoja akacheka, akidhani ni sehemu ya shughuli. Jovinary akaninyang'anya kipaza sauti, akawakaribisha wageni kwenye chakula, na wakaenda. Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote: walienda. Walipanga foleni na sahani zao kando ya vile vitabu, kila mtu akichagua kipande chake cha sangara.

Sikurudi Ukingo tena. Zile kaunta buku nilizichukua ofisini Jumatatu yake kabla Jovinary hajafika, nikazipeleka Kisesa mwenyewe. Mama Shigela amefungua malalamiko kwenye ofisi ya hakimiliki. Tumeitwa mara mbili, Shimba hajatokea hata mara moja. Hellen alinipigia simu siku moja, akasema yuko tayari kueleza huko kwamba mumewe hajui hata kuogelea, akakata. Sijui kama atakuja.

Wakati tunasubiri, tulichapa nakala themanini kwenye duka la steshenari, zikafungwa kwa waya wa plastiki, jina la Elias Mihayo mbele na Kija mahali pake. Tulizigawa kwa walimu na kwa wavuvi wa mialo, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Mzee mmoja wa Kayenze alituma ujumbe kwamba samaki aitwaye domodomo amechorwa pua fupi mno. Mama Shigela alifurahi siku nzima. Alisema hata yeye alimwambia hivyohivyo mumewe, na mumewe akabisha.

Mwezi uliopita nilikutana na Jovinary stendi ya Buzuruga. Alinichangamkia kama hakuna kitu. Akaniuliza habari za mtoto, akaniambia toleo la Shimba limekaribia kuisha, nafasi yangu bado ipo, rafu inanisubiri. Kisha akanyoosha mkono tusalimiane.

Nilikuwa na mifuko mikononi, na sikuitua.