Anayefanana na Mdoli

Mpwa wangu ni msusi, na saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba anamoishi. Ina viti viwili vya kuzunguka, kimoja hakizunguki. Ina kioo kirefu chenye ufa pembeni, beseni la kuoshea nywele ambalo maji yake ya moto huletwa kwa birika kutoka jikoni, na benchi la kungojea. Benchi hilo ndilo lilikuwa kitanda changu mimi, mjomba wake, kila nilipochoka kutangatanga nikarudi kwa watu wangu. Asubuhi nilikunja shuka, nikashika ufagio. Nimewahi kulala pabaya zaidi. Pale angalau palinukia mafuta.

Mwaka ninaousimulia, duka la midoli lilifunguliwa ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa mwanamke mpole, wa sauti ya chini, kila mtu akimwita Madamu. Aliuza midoli ya namna nyingi lakini mmoja ndiye aliyekuwa akimalizika rafuni: mrefu, mwembamba, kiuno cha kushikwa kwa vidole viwili, nywele zimenyooka mpaka makalioni. Nyayo zake zilikuwa zimeumbwa katika kuchuchumia, kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati, kwa hiyo hakuweza kusimama bila kuegemezwa. Ukimbonyeza tumbo alisema, "Leo tuvae nini?" Ukimbonyeza tena alisema, "Napenda kupendeza." Maneno yake yalikuwa hayo tu, tangu asubuhi mpaka betri ziishe.

Madamu alivuka barabara na pendekezo. Kila mtoto atakayenunuliwa mdoli ataelekezwa kwa mpwa wangu anyooshwe nywele zifanane na za mdoli. Mpwa wangu akakubali, akabandika mlangoni picha ya mdoli aliyopewa, na saluni ikafurika. Watoto wa miaka sita au saba, wamebanana wanane kwenye benchi la watu wanne, kila mmoja na mdoli wake mapajani. Hewa ikajaa ile dawa ya kunyoosha, inayochoma macho kama kitunguu chenye kisirani. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wahenga hao hawakuijua dawa ya nywele.

Kisha likaja suala la sanduku. Madamu alitengenezesha sanduku kubwa la rangi ya waridi, mfano wa lile la mdoli, lenye plastiki angavu mbele na matundu madogo ya kupumulia. Jumamosi lingewekwa kwenye dirisha la duka, ambalo lilikuwa pana na halina kioo, na ndani yake angesimama msichana halisi aliyetengenezwa akafanana na mdoli. Alimtaka binti wa msusi mwenyewe.

Binti huyo tunamwita Kidete, kwa sababu alisimama kabla ya watoto wenzake na hakushika ukuta. Alikuwa na miaka tisa. Nywele zake zilikuwa za kipilipili, nyingi, nzito, na kila Jumapili mama yake alimsuka mistari minne akaimaliza kwa vifundo kisogoni. Dawa ilikuwa haijagusa kichwa hicho. Kidete alisema hataki, na kila alipoulizwa tena alisema hivyo hivyo kwa maneno mapya.

"Sitaki dawa, mama."

"Si sumu. Watoto wangapi wanatoka hapa wanacheka?"

"Wanacheka wakishatoka. Humu ndani wanalia."

Nikakohoa.

"Mjomba, fagia," akasema mpwa wangu.

"Kwani nimesema nini?"

"Umekohoa."

Nikafagia. Mpwa wangu si mtu wa kubishana naye akiwa na kitana mkononi. Tena alikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa: alifunga kitambaa kichwani siku zote, kimekaza, kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Aliamka nacho, alipika nacho. Nilizoea kumtania kwamba kinyozi hajinyoi, basi na msusi hajisuki. Kila nikisema hivyo alikikaza zaidi kile kitambaa.

Alhamisi aliletwa mtoto wa fundi viatu, wa miaka sita, mdoli kamkumbatia kifuani. Alipakwa dawa, machozi yakaanza kumtiririka.

"Inawasha?" mpwa wangu akamuuliza.

"Haiwashi."

"Mbona unalia?"

"Silii. Mdoli halii."

Baada ya kuoshwa alikaa pembeni na mkate aliofungiwa na mama yake. Hakuula. Alipandisha blauzi, akalinganisha kiuno chake na cha mdoli, akavuta tumbo ndani mpaka mbavu zikahesabika. Kidete alikuwa anapanga taulo.

"Mbona huli?"

"Nataka tumbo liingie kama lake."

Kidete akamchukua mdoli, akambonyeza. "Leo tuvae nini?" mdoli akasema.

"Umesikia? Tumbo lake limejaa betri," Kidete akamwambia. "Wewe lako utatia nini?"

Akinamama waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Mtoto hakucheka, na mkate hakuugusa. Nilimwona mpwa wangu kwenye kioo. Mikono yake ilisita juu ya kichwa cha mteja, kisha ikaendelea.

Ijumaa mchana ilikuwa zamu ya Kidete. Benchi lilijaa, wengine wamesimama mlangoni. Mpwa wangu alikoroga dawa kwenye bakuli, akavaa glovu, akamwita binti yake kwenye kile kiti kisichozunguka. Nilidhani mtoto atakimbia. Tena nilikuwa nimesogea kutoka mlangoni ili, ikibidi, apate njia.

Hakukimbia. Alikuja na mdoli ambaye Madamu alimpa kwa ajili ya maonyesho, akapanda kitini, akamweka mdoli mapajani.

"Mama, nina sharti."

"Makubwa," akasema muuza mitumba, mwanamke wa mdomo mpana aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. "Mtoto ana sharti."

"Mwache," mwenzake akamjibu. "Hata bibi harusi huwa nalo."

"Msuke yeye kwanza," Kidete akasema. "Msuke mistari minne kama yangu. Akifanana na mimi, na mimi nitafanana naye. Sitasema neno."

"Tangu lini nikasuka midoli?"

"Kwa nini mimi ndiye nimfuate? Yeye aje kwangu mara moja tu."

"Kidete, usinichezee mbele za watu."

"Fundi," muuza mitumba akachokoza, "useme tu kimekushinda. Kichwa chenyewe cha ukubwa wa limau."

Hapo alimgusa penyewe. Mpwa wangu hajawahi kukiri kushindwa na kichwa. Alivua glovu, akambana mdoli katikati ya magoti, akachukua kitana chenye mkia, akagawa nywele kutoka kwenye paji kwenda kisogoni.

Akagawa pengine. Kisha akazifunua nywele zote kwa kidole gumba, na sote tukaona.

Mdoli alikuwa na upara. Nywele zilishonwa mstari mmoja mbele, mstari mmoja kuzunguka shingo, na mwingine pale utosini zinapogawanyika. Katikati palikuwa plastiki tupu, inang'aa. Ni kama shamba lililopandwa kandokando ya njia tu, wapitao wadhani mwenyewe ni mkulima.

Saluni ikalipuka. "Kumbe kipara." "Masikini, na shingo yote ile." Mtu akambonyeza tumbo kwa bahati mbaya, naye akasema, "Napenda kupendeza," na muuza mitumba ikabidi akae chini. Mtoto wa fundi viatu, aliyerudishwa siku hiyo kwa sababu kisogo chake kilitoa maji, alijipenyeza akatazama ile plastiki kwa muda mrefu. Halafu akajishika kichwa chake mwenyewe.

Mpwa wangu hakucheka. Mkono wake ulipanda taratibu ukashika kile kitambaa, ukabaki hapo.

"Mimi nimeshaona, mama," Kidete akasema kwa sauti ndogo. "Tunalala kitanda kimoja."

Kicheko kikakatika. Watu wakatafuta pa kutazama.

"Ulikuwa na miaka mingapi walipokuweka dawa?" Kidete akamuuliza.

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe," mpwa wangu akasema. "Teremka kwenye kiti."

Akachukua bakuli la dawa akalifunika kwa sahani. Wakati huo huo Madamu akaingia, amependeza, anatabasamu.

"Hamjambo jamani. Mtoto wangu wa sanduku bado?"

"Huyu si wa sanduku," akasema mpwa wangu. "Huyu ni wa kwangu."

"Fundi, nimeshaalika watu."

"Watu waje. Kesho nitakuletea anayefanana na mdoli hasa. Hata wewe utashangaa."

Madamu alitutazama mmoja mmoja, akaona ni heri kuamini. Mpwa wangu alikuwa hajawahi kumwangusha.

Jumamosi watu walijazana mbele ya dirisha la duka, kina baba wamebeba watoto mabegani, watoto wamebeba midoli. Muziki ulipigwa. Sanduku lilikuwa limefunikwa pazia, na Madamu, nje pamoja nasi, alishika kamba. Mpwa wangu alikuwa ameingia mapema na Kidete kwa mlango wa nyuma, akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba mtoto yu tayari ndani, ila ana haya, asifunuliwe mpaka wakati. Madamu alivuta kamba.

Ndani ya sanduku alisimama mpwa wangu. Alivaa aproni yake ya kazi yenye madoa na kandambili, nyayo zake bapa kabisa sakafuni. Kichwa kilikuwa wazi. Katikati yote, toka utosini mpaka kisogoni, hapakuwa na unywele hata mmoja, ngozi imevutika inang'aa, na alipogeuka polepole tukaona kovu la kuungua kisogoni, pana kama kiganja cha mtoto. Zilizobaki ni za kandokando tu, kama za mdoli. Nilimbeba huyu alipokuwa mchanga, ana nywele za kujaza kiganja. Nikavua kofia yangu.

Muziki ukazimwa.

"Fundi, toka humo tafadhali," Madamu akasema kwa upole wake ule ule. "Watoto wataogopa."

"Ulitaka anayefanana na mdoli," sauti ilitoka kwenye matundu. "Katika mtaa huu nimefanana naye mimi. Mfunue mdoli nywele kama unabisha."

Wazazi wakaanza kugeuza midoli, wanachambua vichwa. Mama mmoja akapaza sauti kwamba tunawaharibia watoto siku yao. "Hata mimi mwenyewe kichwani nimeweka dawa," akaongeza, "na sijafa."

"Wewe ni mtu mzima, umejichagulia," mpwa wangu akamjibu. "Njoo hata Jumatatu nitakuweka, na nitakuweka vizuri. Lakini mtoto akiingia kwangu nitamsuka, nitamchana, na kichwa chake kitatoka kama kilivyoingia. Wa dawa atafute kwingine."

Madamu akamwita msaidizi wake alifungue sanduku. Lilikuwa limefungwa kwa nje, kwa utepe wa gundi, na mbele yake alikuwa amesimama aliyelifunga, Kidete, mistari yake minne imesukwa upya, mikono kifuani.

"Asimguse mtu," akasema. "Bado anaonyeshwa."

Msaidizi akamtazama Madamu. Madamu akatazama umati. Hakuna aliyesogea.

Ndipo mtoto wa fundi viatu akaponyoka kwenye mkono wa baba yake, akaja mpaka kwenye plastiki, akainua uso.

"Fundi, nywele zako zimekwenda wapi?"

Mpwa wangu akachutama mle ndani mpaka wakawa macho kwa macho. "Zilinyooka, mama. Zikanyooka zikaenda zake."

"Zitarudi?"

"Hizi hazirudi. Zako zitarudi, ukiziacha."

Mtoto akafikiri. "Ilikuwa inawasha?"

"Sana. Nami nikasema haiwashi."

Mtoto akashika kisogo chake. Safari hii hakuficha kitu. "Na mimi iliwasha," akasema, akalia kwa sauti, kilio cha kweli cha mtoto wa miaka sita. Baba yake akamnyanyua. Mdoli alianguka chini na hakuna aliyeinama kumwokota.

Sisemi dunia iligeuka. Madamu aliondoa picha yake mlangoni petu akaipeleka saluni ya mwisho wa barabara, na huko foleni ikawa ndefu. Jumatatu benchi letu lilikuwa na watu wawili, nami mchana nikapata nafasi ya kunyoosha miguu. Mmoja wa hao wawili alikuwa mtoto wa fundi viatu, ameletwa kupakwa mafuta kwenye kidonda, anatafuna mkate huku makombo yakinipa kazi.

Mpwa wangu alifanya kazi kichwa wazi. Mteja mmoja alimuuliza kama haoni aibu. Alimjibu kwamba aibu alishaivaa miaka mingi, imechakaa.

Kidete alikuwa amemnyoa mdoli nywele zote, hata zile za kandokando, na kumgandisha miguu kwenye visoda viwili vilivyojaa nta ya mshumaa. Alimweka kwenye rafu ya vitana. Kwa mara ya kwanza mdoli alisimama bila kuegemea kitu. Mlango ulipobamizwa na upepo, rafu ikatikisika, naye akasema, "Leo tuvae nini?"

"Nguo ya jana," mpwa wangu akamjibu, wala hakugeuka, akaendelea kusuka.