Kamera Mbili, Darubini Moja

Fahali wawili hawakai zizi moja, na kamera mbili hazikai kwenye darubini moja. Ndiyo maana asubuhi ile fundi friji na shemeji yake, mpiga picha za harusi, walikuwa sebuleni wakitazamana kama majogoo. Darubini walichanga wakanunua pamoja. Kamera kila mmoja alileta yake, na makubaliano yalikuwa wazi: itakayoshindwa leo, kesho inarudi dukani.

Fundi aliipenda yake kama mwanawe. Zote mbili zilikuwa za kupiga nyota, za nyeusi na nyeupe, zenye kipoza ndani, maana kamera ikipata joto picha hujaa chengachenga. Lakini yake ilishuka baridi zaidi, na baridi ndiyo iliyomlisha tangu ujana.

"Dunia nzima ina rangi," mkewe alisema akikusanya vikombe, "nyinyi mmenunua nyeusi na nyeupe."

"Rangi tunaweka wenyewe, dada," kaka yake, yule mpiga picha, alimjibu. "Unapiga kupitia kioo chekundu, halafu kijani, halafu bluu, kisha unaziunganisha. Inatoka safi."

"Kazi ya mara moja mnaifanya mara tatu. Wanaume!"

Kwanza walizifunika kamera gubigubi, wakaziacha zipige giza tupu, waone ipi ina chengachenga. Ya fundi ilitoa giza kama masizi. Ya shemeji ilikuwa na mng'ao pembeni.

Fundi alijipiga paja. "Hiyo yako ni jiko, shemeji. Bandika chai!"

"Mpira dakika tisini. Bado shuka."

Wakatundika shuka jeupe dirishani, wakalipiga picha kutafuta madoa. Picha ya shemeji ilitoka nyeupe kama maziwa. Ya fundi ilikuwa na doa katikati, lenye matawi kama manyoya ya kuku.

"Mbovu hiyo," shemeji alisema. "Irudi."

Fundi akaisogelea picha. Doa lile alilijua: barafu. Aliliona kila siku kwenye friji ambazo wenyewe wamezichokonoa. Barafu hutoka kwenye unyevu, na unyevu hauingii kwenye kamera iliyofungwa kiwandani. Labda mtu aifungue.

"Juzi si ulikuwa nayo hapo mezani, na bisibisi?" mkewe akauliza.

"Mke wangu!"

"Nauliza tu."

Fundi akajikuna kisogo. "Nilitaka kuona baridi wameibanaje humo ndani. Nilichungulia tu."

Shemeji akashika kichwa. "Wewe? Unayewafokea wateja wasiguse friji zao?" Kisha akasita. "Na duka halipokei kitu kilichofunguliwa. Kwa hiyo inayorudi ni yangu!"

Fundi alifurahi kwanza, aibu ikafuata baadaye. "Hapana," alisema. "Yako imeshinda kwa haki. Ndiyo ikae kwenye darubini. Hii nitaiweka kabatini, nimeyataka mwenyewe."

Shemeji akaitazama tena ile picha ya giza. Akacheka mpaka akakohoa. "Giza kama hili likae kabatini? Ikaushe kwanza, mharibifu wewe. Doa likitoka, yangu inarudi."

Fundi alileta pampu yake ya kufyonza hewa, akabadilisha pia dawa ya kunyonya unyevu iliyokuwa ndani ya kamera, akafunga kila kitu kwa mikono iliyotulia. Safari hii aliipoza polepole. Mchana shuka lilitoka jeupe pe.

Shemeji akaanza kupakia kamera yake kwenye boksi. "Lakini kitu cha kwanza kupigwa nachagua mimi."

"Chagua, shemeji. Chagua hata cha pili."