Harusi Ndogo ya Saa Sita

Mwaka ule Hilaria Condorena alivaa kofia ya baba yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kofia ya jaji, iliyotengenezwa kwa boksi jeusi, pana kama sinia, na ilimshuka hadi kwenye nyusi. Pamoja nayo alikabidhiwa joho lililochakaa mabegani, miwani isiyo na vioo, mhuri wa mpira usiozidi ncha ya kidole, na maneno. Hayo maneno ndiyo yaliyokuwa mali. Miaka na miaka baba yake, Don Fulgencio, alifungisha ndoa za mzaha katika sikukuu ya Alasita, na watu wa La Paz walipanga foleni ndefu wapate kutukanwa naye.

"Bwana harusi," mzee angesema, "unakubali kuosha sufuria, hata ile iliyoungua? Bibi harusi, unakubali kulala kando ya trekta bovu linalokoroma mpaka kuche?" Na watu wangeshika mbavu.

Siku ya Alasita kila kitu ni kidogo. Unanunua nyumba inayokaa kiganjani, gari la ukubwa wa kiberiti, gunia la unga usiotosha kumshibisha mchwa. Saa sita mchana unakiinua kitu chako kwenye moshi wa ubani na kumkabidhi Ekeko, yule mungu mfupi mwenye sharubu na kitambi, mikono wazi, mgongoni amebebeshwa kila kitu ambacho binadamu anaweza kukitamani. Kabla mwaka haujageuka, kile kidogo hukua. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Pale La Paz mzaha mzaha huota ukuta na bati. Ndoa nayo ni hivyo hivyo. Cheti cha ukubwa wa stempu, pete za bati, jaji wa uongo. Wapo waliokwenda kucheka tu, na mwisho wa mwaka wakajikuta wamesimama mbele ya padri wa kweli, shangazi zao wanalia.

"Ekeko hatazami nyuso za msibani," Don Fulgencio alimwambia binti yake asubuhi ya sikukuu, akiwa mgonjwa kitandani, kifua kimembana. "Ni mungu wa mizigo na kicheko. Ndoa isiyochekwa pale ni karatasi tu. Wachekeshe kwanza, mwanangu, ndipo upige mhuri."

Na Hilaria aliwachekesha. Alimwita mwanafunzi mmoja mwembamba kiazi kilichoota. Mchumba wa polisi alimwapisha kuwa atapekua mifuko ya mumewe kila mwisho wa mwezi. Kila ndoa ilipokwisha, Doña Eulogia aliyekaa kando yake, mama mzito wa sketi za tabaka na kofia ya mviringo iliyoegemea upande, alipitisha chetezo cha makaa, akawafukiza, akataja majina yao kwa Kiaymara, lugha ya wenyeji. Mama huyo alifanya kazi na Don Fulgencio tangu ujana wao, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Kuchekesha kulikuwa kazi ya jaji. Ya kwake ilikuwa moshi.

Saa sita ilipokaribia, foleni ilianza kusukumana. Baraka zipo kutwa, lakini baraka ya kengele za makanisa za saa sita ni ya ndoa moja tu. Hilaria akainua macho kuita wanaofuata.

Walikuwa wanawake wawili. Mmoja mrefu, mwenye unga uliosahaulika kwenye nyusi. Wa pili mfupi, vidole vimechomwachomwa na sindano, ameshika pete mbili za bati.

Hilaria alitazama nyuma yao. "Mabwana wako wapi?"

"Hakuna mabwana," alisema yule mfupi. "Mimi ni Rosaura, huyu ni Nieves. Tunaoana sisi."

Mtu mmoja alipiga mluzi. Mwingine akauliza kwa sauti, "Haya, mume nani hapo?" Nyuma yao mwanamume mnene, muuza nyama aliyekuja na mchumba wake, aliguna na kutazama saa yake.

Rosaura aliinama mezani ili jaji pekee asikie. "Mwaka wa kwanza tulinunua cherehani hapa. Ikaja. Halafu tanuri la mkate. Likaja. Halafu kiwanja, kule juu El Alto. Nacho kikaja, kimeinama kidogo, lakini kimekuja. Kila mwaka tunapita kwa baba yako, tunavitazama hivi vyeti, tunakwenda kununua kitu kingine."

"Kwa nini?"

Aliyejibu ni Nieves, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Kwa sababu kila tulichonunua kilikuja. Hiki kikikataa, basi tutajua kwamba hata Ekeko ametukataa."

Watu wote ambao Hilaria aliwafungisha asubuhi ile walikuja kujaribu bahati kama mtu anayerusha kokoto mtoni. Hawa wawili walizunguka mtoni miaka mingi, kokoto mkononi, wakiogopa kusikia sauti ya maji.

Akavua ile miwani isiyo na vioo. Akanyoosha mgongo.

"Wapendwa," alianza, kwa sauti ya chini, sauti nzuri ya kanisani. "Tumekusanyika hapa, mbele ya watu hawa, kushuhudia upendo ambao…"

Watu walitazama viatu vyao. Mama mmoja alimvuta mwanawe mkono wakaondoka. Hilaria aliendelea, akitafuta maneno mazito zaidi, na kila alipoongeza neno alimwona Nieves akipungua, mabega yakishuka, kama mtu anayesomewa hukumu.

"Dada jaji," Rosaura alimkata, "samahani. Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi mbona hututukani? Yule kijana umemwita kiazi kilichoota. Sisi unatuita wapendwa. Tumesimama foleni asubuhi nzima, hatukuja kuitwa wapendwa!"

"Nilitaka kuwapa heshima," alisema Hilaria.

"Heshima ya hapa ni matusi, dada. Tufanyie kama wote."

Hilaria akairudisha miwani usoni. Maneno yote ya baba yalikuwa kama jozi ya viatu, cha kushoto cha mume, cha kulia cha mke. Aliyageuza moja moja kichwani, na hakuna lililoingia. Juu ya vichwa vya watu mikono ilishaanza kuinuka, imeshika nyumba, magari na mabegi ya safari. Wauza mahindi ya kuchemsha walikuwa wameacha kuita wateja.

"Jamani!" alilipuka yule muuza nyama. "Kama hamuoani, tupisheni! Saa sita yangu inakwenda!"

"Wewe nani?" Hilaria alimgeukia.

"Remigio."

"Remigio, hawa hawana msimamizi, na ndoa bila msimamizi haifungwi. Ukisimama nao tutamaliza upesi."

"Mimi?"

Mchumba wake, Delfina, alimsukuma mgongoni. "Nenda! Domo lako limekuingiza, likutoe lenyewe."

Remigio akasogea, akapokea kisahani cha pete, jasho linamtiririka. Hilaria alimuuliza swali ambalo baba yake aliwauliza wasimamizi wote. "Unawafahamu maharusi?"

"Siwafahamu." Akamkazia macho Nieves. "Ngoja. Huyu mrefu namjua! Ananiuzia mkate. Mkate wake una chumvi kama machozi ya mjane."

"Na nyama yako mifupa mitupu!" Nieves alimjibu papo hapo. "Nilinunua kilo, njia nzima mifupa ikagongana kama ngoma!"

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Delfina, kikali kama kuku aliyekanyagwa, na kikawaambukiza walio karibu. Hilaria aliona lango limefunguka mbele yake. Hakuhitaji kujua mume ni nani. Kiatu cha kushoto na cha kulia angewavisha wote wawili.

"Nieves, mtia chumvi," alinguruma kwa sauti ya baba yake, "unakubali kuosha sufuria, hata ile iliyoungua?"

"Nakubali."

"Na wewe Rosaura, kibeti?"

"Mimi ndiye ninayeziunguza, mheshimiwa."

"Basi utaosha na ya jirani! Nani anakoroma kati yenu?"

Wote wawili walinyoosheana vidole kwa wakati mmoja, na umati ukapasuka.

"Mahakama imebaini kwamba nyumba hiyo hailali mtu. Na mtungi wa gesi? Nani anaupandisha ngazi?"

"Sote," alisema Rosaura. "Mmoja mbele, mmoja nyuma."

"Sikieni, wanaume wa La Paz! Mnaupandisha peke yenu, mnatukana kila ngazi, kumbe dawa ilikuwepo!"

"Hata mimi nataka ndoa ya namna hiyo!" alipiga kelele mzee mmoja, na mkewe akampiga na mfuko wa karanga.

Hapo ndipo sauti kavu ilipotokea pembeni. Ilikuwa ya mwanamume mwenye tai, ameinua gari jekundu la bati. "Nchi hii haina sheria ya kitu hicho," alisema. "Hiyo si ndoa."

Watu walimgeukia, halafu wakamgeukia jaji. Hilaria alimtazama kupitia miwani isiyo na vioo, bila haraka.

"Na hilo gari lako, baba, lina bima?"

Kicheko kilichofuata kilitikisa maturubai. Yule bwana mwenyewe alilitazama gari lake, magurudumu ya vifungo vya shati, mdomo ukamcheza, mwisho akacheka kwa pua. Mkono wake ulibaki juu.

Ndipo kengele zikalia.

Zilianza mbali, kanisa moja, kisha jingine, mpaka bonde zima la mji likajaa mlio. Moshi ulipanda kutoka vyetezo vya pande zote, na manyunyu yakaanza kushuka, yakakutana na moshi hewani. Hilaria akapanda kitini, mhuri mkononi. Tangu utoto alizitazama sikukuu hizi akiwa chini, kati ya miguu ya watu. Leo alisimama juu ya kiti cha baba yake, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho baba alikuwa akikiona. Juu ya maelfu ya vichwa ulikuwa umeinuliwa mji mwingine, mdogo, mzima, wenye nyumba na maduka na mabasi na shahada na viwanja vya ndege. Mji ambao bado haujakuwapo. Hakuna sheria iliyoutambua, na watu walikuwa wameubeba kwa mikono miwili, kwa uangalifu, wengine wakilia.

Cheti cha Nieves na Rosaura kilikuwa katikati yake, kimeshikwa na vidole vinne.

Kilichobaki ni moshi na mhuri. Wote wakamtazama Doña Eulogia. Hakuwa amecheka hata mara moja. Aliinuka taratibu, sketi zikatulia moja baada ya nyingine, akawasogelea wale wawili.

"Mama zenu waliwaitaje?" aliuliza mama huyo. "Majina yote."

"María Nieves Catacora," alisema Nieves.

"Rosaura Yujra. Hayo tu, mama. Wazazi walikuwa na haraka."

Doña Eulogia alitupa ubani na petali kwenye makaa. Alinyunyiza pombe pande nne. Kisha akaita, kwa Kiaymara, jina la mlima mkubwa wenye theluji uliojificha nyuma ya mawingu, akaita ardhi, akaita Ekeko, na mwisho akayaita majina ya wale wawili kwa pumzi moja bila kuyatenganisha, vilevile alivyoyaita ya maharusi wote tangu asubuhi. Moshi uliwafunika mpaka nyuso zao zikapotea. Remigio naye, kisahani mkononi, alifunikwa akakohoa.

"Ekeko amebeba mazito kuliko haya," alisema mama huyo alipomaliza, akirudi kukaa. "Piga mhuri, binti. Unangoja nini?"

Hilaria akashuka, akapiga. Alama ikakaa upande. Pete za bati zilikataa kupita vifundo vya vidole, zikaishia katikati, na watu wakawarushia vipande vya karatasi za rangi mpaka unga wa kwenye nyusi za Nieves ukapata wenzake.

"Ee, saa sita yangu!" Remigio aligutuka. "Imepita!"

"Imepita ukiwa ndani ya moshi, umeshika pete," alisema Delfina, akichukua nafasi yake mbele ya meza. "Una baraka za kukopesha watu. Njoo hapa uolewe."

Hilaria akaweka kofia sawa. Yale maneno ya baba yalikuwa yamerudi yote, yamejipanga tayari. "Remigio, mfuga mifupa, unakubali kuosha sufuria, hata ile iliyoungua?"

"Nakubali, nakubali."

"Na wewe Delfina? Mtungi wa gesi utashika mbele au nyuma?"

Delfina alifikiri kidogo. "Nyuma," alisema. "Nimwone asije akauangusha."

Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua. Juu ya vichwa vya waliocheka, Hilaria aliwaona wale wawili wakishuka kati ya vibanda. Rosaura alitangulia, akipasua njia kwa viwiko. Nieves alimfuata ameinama, viganja viwili vimekifunika kile cheti, kama mtu aliyeazima kaa la moto na sasa analiwahisha nyumbani kuwasha jiko.