Tarehe Moja, Mawe Mawili

Mama Tindo alipofika kwenye ufunguzi wa makumbusho ya mawe ya kuchongwa, alikuta amekwishakufa.

Hakuambiwa na mtu. Alijisomea mwenyewe, chini ya taa kali, kwenye jiwe la kaburi lililosimamishwa katikati ya ukumbi: jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa na tarehe ya kufa. Pembeni lilisimama jiwe la mumewe, lenye tarehe ileile. Ya mumewe ilikuwa sahihi.

Damu ikamchemka. Mawe yale mumewe aliyachonga mapema kwa ajili yao wawili, maana hakuamini kazi ya fundi mwingine. Yeye alikuwa mtu wa maua na mapambo. Herufi zilikuwa za mkewe, na ndipo watu walipompa mama jina la chombo chake cha kuchongea. Wakaacha nafasi ya tarehe, wakaahidiana kwamba atakayebaki atamchongea mwenzake. Mzee alipozikwa, mama hajashika hata nyundo, mtoto wao wa kwanza, mkurugenzi wa makumbusho hayo, akaja na maneno matamu. Niazime mawe haya kidogo tu mama, ufunguzi upite. Kaburi la mzee likabaki na kibao cha mbao, kama la mtu asiye na kwao.

Sasa mkurugenzi alikuwa akipeana mikono na wageni, suti imemkaa sawasawa. Mama akamvuta pembeni.

“Nani kachonga hizi tarehe?”

“Mashine, mama. Mawe yalionekana hayajaisha. Nikampa fundi tarehe ya mzee, nikamwambia ajaze palipo wazi.”

“Kajaza na pangu.”

Mkurugenzi akageuka kulitazama jiwe. Ndiyo kwanza alikuwa analisoma, na uso ulionyesha.

“Lo! Tutapaziba kwa gundi na unga wa mawe, hata hapatajulikana. Ila mama, nakuomba, leo usinitie aibu.”

“Umenizika ningali hai, halafu mwenye aibu ni wewe?”

Tena huyu si mtu asiyejua kusoma! Herufi alizijua kwa kupitisha kidole kwenye mawe ya mama yake, akiwa hata meno hajamaliza kuota. Leo jina la mama huyo limempita machoni kama tangazo la ukutani.

Juu ya meza ya maonyesho vifaa vya kazi vilikuwa vimepangwa kwenye kitambaa chekundu, pamoja na kibao cha kukataza watu wasiguse. Mama akachukua nyundo na tindo. Vilikuwa vyake, si vya mzee kama wageni walivyodhani, lakini nani alijisumbua kuuliza? Akapiga magoti mbele ya jiwe la mumewe, akaanza kuiondoa tarehe ya mashine, kidogo kidogo, kwa hasira iliyotulia mkononi. Vumbi likatua kwenye viatu vya wageni. Wageni wakafurahi kweli kweli. Walidhani ni sehemu ya ratiba. Wakatoa simu, wakapiga picha, mgeni rasmi akapiga makofi. Mkurugenzi naye angefanyaje? Akapiga makofi, jasho likimtiririka.

Pahali pale palipobaki pamekwaruzika lakini patupu, mama akainuka, magoti yakimlia. Akawaita mafundi wawili waliofundishwa kazi na mumewe.

“Wanangu, libebeni hili. Linakwenda kwa mwenyewe. Tarehe nitamchongea kulekule kaburini.”

“Na hili lako, mama?” mkurugenzi akanong'ona. “Tulirekebishe?”

Mama alimtazama. Alitaka kumzaba kibao, na mkono ulikuwa tayari. Akaushusha.

“Langu liache hivyohivyo. Siku ukimtaka mama yako, njoo hapa umsome.”

Akalifuata jiwe la mumewe hadi mlangoni, tindo mkononi. Nyuma yake wageni walikuwa bado wanapiga makofi.